Kumtafuta baba aliyekuwa askari wa Keya

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kutafuta kumbukumbu za marehemu baba yako, aliyeondoka Machame akiwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye hakuacha karatasi yoyote isipokuwa nishani mbili.

Anza na hizo nishani. Nishani za nyota (Star) za Uingereza za vita ile kwa kawaida hazikuchongwa jina, kwa hiyo usikate tamaa ukizikuta tupu. Lakini aina yake inasema mengi, kwa kuwa Nyota ya Burma (Burma Star) humweka upande wa Asia, na Nyota ya Afrika (Africa Star) huweza kumweka Uhabeshi au Somalia. Vikosi vya Keya vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944, na shajara za vita za vikosi hivyo zimehifadhiwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza (The National Archives), katika fungu lenye alama WO 172. Shajara hizo hutaja mwendo wa kikosi, mara chache sana askari wa kawaida kwa jina.

Kabla ya kuandika barua popote, waulize wazee wa ukoo baba aliitwaje alipoandikishwa, kwani makarani waliandika walivyosikia, na aliyebatizwa huenda alijiandikisha kwa jina la nyumbani. Kitabu cha ubatizo cha usharika wenu kitakusaidia kuyaoanisha majina hayo. Ukishapata namba ya jeshi, ndipo uwaandikie wanaotunza kumbukumbu za jeshi. Bila namba, jina la Kichagga lililokosewa herufi moja humpoteza mtu kabisa.