Kabla ya kulaumu ramani, soma pembezoni

*Niko ng'ambo ya kaskazini ya Nzoia, shambani. Nikichukua namba za mahali nilipo (latitudo na longitudo) kutoka kwenye simu na kuzitia kwenye ramani ya karatasi, naangukia mtoni. Simu imeharibika?* (Ugunja)

Simu ni nzima. Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lile lile. Ramani zetu za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu inatumia WGS84: mifumo miwili tofauti ya kuhesabia mahali duniani. Ukihamisha namba bila kuzigeuza, huku kwetu unaangukia karibu mita 300 kusini. Jina la mfumo limeandikwa pembezoni mwa ramani, kwa herufi ndogo. Lakini watu wanapiga picha ya katikati tu, pembezoni inabaki nje, kisha wanatumiana kwa WhatsApp. Tafadhali acheni. Kuna mtu atatafuta kivuko kwa picha hiyo wakati mto umefurika.

*Nakuru hadi Kisumu namba za gridi zinaruka ghafla. Kwa nini?*

Umevuka longitudo ya 36 mashariki, mpaka wa kanda mbili za gridi ya UTM, na kila kanda ina hesabu yake. Nakuru iko kanda ya 37, Kisumu ya 36.

*Kinamasi cha Yala karibu hakina kontua (mistari ya mwinuko). Wapimaji waliogopa kuingia?* (Siaya)

Hawakuogopa. Kontua za ramani hizo zinapishana mita 20, na pale ardhi ni tambarare: ikipanda mita tatu au nne, hakuna mstari utakaopita. Na mita mbili tu ndizo huamua ni boma lipi la Budalang'i litaingia maji.

Msikimbilie data ya bure ya kutoka angani pia. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwaka 2000 vilitumia rada, na kwenye mafunjo mazito rada hurudi kabla ya kufika chini. Unasoma urefu wa mafunjo ukidhani ni udongo. Anayepanga tuta la kuzuia mafuriko kwa data hiyo anachezea maisha ya watu. Alete mpimaji akanyage matope. Awaulize pia wavuvi wa Ziwa Kanyaboli, maana mikondo huhama, na ramani inajua tu mkondo wa siku ndege ilipopiga picha. Mwaka wa picha hiyo nao uko pembezoni.

*Ni kweli chini ya bikoni (alama za wapimaji) za mlimani kuna zebaki?*

Hakuna. Ni zege na chuma. Kuvunja bikoni ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, na kila bikoni inayong'olewa inamwongezea kazi atakayekuja kupima upya mto wenu. Ukiona imechimbwa, mwambie chifu leo.