Vyuo vitatu vya usanifu majengo nje ya nchi, nichague kipi?

SWALI: Kaka shikamoo. Nimekubaliwa vyuo vitatu kusoma usanifu majengo. Marekani viwili, kimoja ni Bachelor of Science ya miaka 4 na chuo kina jina kubwa sana, kingine B.Arch (Bachelor of Architecture) ya miaka 5 ila chuo hakijulikani. Cha tatu kipo Uingereza, miaka 3. Lengo langu ni kuwa msanifu mwenye leseni. Nyumbani wanasema niende kwenye jina. Pia ninunue kompyuta gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera sana, kukubaliwa vyuo vitatu siyo kitu kidogo.

Rankingi ziweke pembeni kwanza. Bodi ya usajili haiangalii chuo chako ni cha ngapi duniani, inaangalia hiyo digrii inatambulika au haitambuliki, na hapa ndo wengi wanaumia. Kwa Marekani ithibati inatolewa na NAAB, bodi inayokagua digrii za usanifu majengo, na inatolewa kwa programu, siyo kwa chuo kizima, na digrii wanazozipa ithibati ni aina tatu tu: B.Arch, M.Arch (ya uzamili) na D.Arch (ya udaktari). Hiyo Bachelor of Science ya miaka 4 haimo, hata chuo kiwe maarufu vipi. Siyo kwamba ni mbaya, ni digrii ya maandalizi, ukimaliza unatafuta M.Arch ambayo mara nyingi ni miaka 2 hivi, kwa hiyo jumla unakuwa na miaka 6 ya ada badala ya 5, na nafasi ya M.Arch unaiomba upya, hakuna aliyekuahidi. Baada ya hapo wote mnakutana njia moja, masaa 3,740 ya kazi chini ya AXP, mpango wa kupata uzoefu wa kazi, halafu mitihani 6 ya ARE, ile ya leseni.

Uingereza miaka 3 ni Part 1 tu, hatua ya kwanza kati ya tatu. Kwa kawaida unaenda kufanya kazi kama mwaka hivi, unarudi kwa Part 2 miaka 2, kazi tena, ndo Part 3, na ukisajiliwa na ARB, bodi ya usajili wa wasanifu ya huko, ndo unaruhusiwa kujiita architect, lile jina linalindwa na sheria. ARB wanaufanyia mabadiliko mfumo huu, kwa hiyo kiulize chuo kwa barua pepe mabadiliko yatakugusa vipi wewe utakayeanza sasa. Na usisahau viza, manake mwaka wa kazi katikati ya masomo kwa mgeni unategemea viza inaruhusu nini.

Ningekuwa mimi, kwa lengo ulilosema, naenda B.Arch. Ningebadilisha mawazo endapo tu kile cha jina kubwa kinakupa ufadhili wa maana unaokuachia akiba ya kulipia M.Arch baadaye. Ila kama mpango ni kurudi kufanya kazi kwenu, andikia bodi ya wasanifu ya kwenu kabla hujalipa dipoziti, wataje digrii kwa jina lake kamili na wakujibu kwa maandishi.

Kitu kingine kwa Marekani ni OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Viza ya mwanafunzi ya F-1 inakupa miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, na kama programu imesajiliwa kama STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) unaweza kuomba miezi 24 zaidi. Programu mbili za usanifu zinaweza kuwa tofauti kwenye hili, kwa hiyo waulize namba ya CIP ya programu yako, ile inayoonyesha ni masomo ya aina gani, ndo itakayoandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza.

Halafu studio, yaani darasa la kuchora na kubuni, manake ndo utakapoishi. Tafuta kazi za mwisho za wanafunzi wao uziangalie taratibu, zikiwa zote zinafanana ujue mwalimu ndo anachora. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, una meza yako mwenyewe au mnagombania, na modeli na kuprinti vinakula pesa kiasi gani kwa muhula, manake hiyo haimo kwenye ada na inauma kweli.

Kompyuta usinunue sasa. Chuo kitakutumia mahitaji yake, kuna studio za Rhino na kuna za Revit, hizo ni programu za kuchorea, na Revit inatumia Windows, kwa hiyo usikimbilie Mac. Leseni ya Revit usinunue, Autodesk wanaoitengeneza wanawapa wanafunzi bure.