Waje, ila watembee

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa natoka shamba, nikaona nikujibu kwa kuandika, maana tukiongea kwenye simu mengi tunayaruka.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, watoto wakifunga shule uwapeleke Mikumi kama anavyotaka mumeo, wakamwone simba wakiwa ndani ya gari, au uje nao huku milima ya Udzungwa wapande kwenye maporomoko ya Sanje. Na kama huyu mdogo wa miaka saba atamudu. La pili ulilitupia mwishoni, nalo ndilo lililonikalisha: kwa nini mimi na marehemu baba yenu tulikuwa tukiwatembeza msituni kwa miguu, wakati nyinyi mlitaka kuona wanyama na mnachokikumbuka ni jasho na siafu?

Walete huku. Mkwe wangu mwambie asinung'unike, barabara kuu ya kutoka Morogoro inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo twiga, swala na pengine tembo mtawaona dirishani. Mkifika Mikumi mjini mnashika njia ya Ifakara, mnapita Kidatu na mashamba ya miwa, na milima inakuwa mkono wenu wa kulia mpaka mlangoni kwangu Mang'ula.

Mikumi na Serengeti ni nchi ya wazi. Mnyama anaonekana kutoka mbali, dereva anasimamisha gari, watoto wanapiga picha, safari inaendelea. Udzungwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za kuzungusha wageni kwa gari. Utaingia kwa miguu yako, na mwongozaji mbele. Miti imefunga juu, jua linapenya vipande vipande, na kwa muda mrefu hutaona kitu isipokuwa mizizi, majani makavu na kisigino cha aliyetangulia. Mtoto aliyezoea televisheni ataanza kulalamika hapo. Mwache alalamike. Baada ya muda atanyamaza mwenyewe, na akinyamaza ndipo ataanza kusikia.

Hilo ndilo tulilolitaka kwenu. Msitu unasikika kwanza, kuona kunakuja baadaye. Hondohondo wakiruka juu ya miti, mabawa yao yanavuma hadi unainua kichwa bila kuambiwa. Matawi yakitikisika pasipo upepo, ujue ni mbega. Baba yenu alikuwa akitoka zamu ya usiku kiwandani na bado anawatangulia njiani, naye kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama, kuinua kidole, na kuwaacha mtafute wenyewe. Hakuwaonyesha mnyama hata siku moja kabla hamjamsaka kwa masikio. Mlikuwa mnamkasirikia, nami nilikuwa upande wake.

Mbega mwekundu nataka wajukuu wangu wamwangalie kwa utulivu. Mgongo mweusi, kifua cheupe, na utosini nywele nyekundu za rangi ya kutu. Mwambie mkubwa amtazame mikono: dole gumba hana, limebaki kinundu tu, lakini anakamata tawi kwa vidole vinne na kuruka pengo ambalo wewe ungeliogopa hata kulitazama. Chakula chake hasa ni majani, machanga akiyapata, na tumbo lake lina vyumba vya kuyachachusha taratibu, ndiyo maana mchana mtamkuta amekaa tu kwenye tawi, miguu inaning'inia, tumbo limejaa. Msisimame chini yake kabisa, mwongozaji atawaeleza sababu. Mbega huyu, aitwaye wa Iringa, yuko kwenye milima hii na msitu wa Magombera hapo bondeni, basi. Duniani kote hayuko pengine.

Na yupo mwingine ambaye kwao ni hapa hapa. Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa kwenye msitu wa juu ya Sanje, wakasikia mlio wa nguvu wasiotarajia kuusikia upande huu wa nchi. Mwongozaji wao, mtu wa huku, aliutambua mara moja, akawatajia na jina la mnyama kwa lugha ya nyumbani. Kwa vitabu vya sayansi alikuwa mnyama mgeni kabisa. Kwa wazee wetu alikuwa jirani wa siku zote. Leo anaitwa mangabei wa Sanje, naye ni aina ya kima. Hapendi kukaa juu kama mbega, muda mwingi yuko ardhini akifukua majani makavu kwa mikono yote miwili, haraka haraka, akiokota mbegu na wadudu na kuvisokomeza mashavuni. Mkibahatika kulikuta kundi, kaeni chini. Mtaona shavu moja limevimba mpaka sura imepinda, na bado mkono unaendelea kuchakura. Mtoto akiliona hilo kwa dakika kumi, akiwa amekaa kwenye udongo huo huo, huhitaji kumfundisha kwa maneno kwamba mnyama ana kazi zake na siku yake.

Uliuliza kuna nini cha kuona. Yote haya, pamoja na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayechomoka majanini na kutoweka kabla hujasema neno. Wa aina yenye uso wa kijivu alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2008 tu, nao hawamjui popote nje ya Udzungwa. Sababu ya viumbe hawa kuwa huku tu wasimulie watoto njiani: unyevu wa Bahari ya Hindi unagonga milima hii na kushuka kama mvua, na imekuwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Nchi za chini zikikauka, misitu ya milimani ilibaki mibichi, imetengana, kila mmoja na viumbe vyake. Na Magombera mwaka 2009 kilitangazwa kinyonga mpya, ambaye mtafiti alimpata baada ya nyoka kumtema akiwa anamla. Huyo mdogo anayependa nyoka atakuomba umrudilie hadithi hiyo mpaka kileleni, nayo ni kweli tupu.

Tembo ni jambo jingine, nalo ulisikie vizuri. Wapo, na wanapanda mlima kuliko watu wanavyodhani. Mtayakuta mavi yao njiani. Mkubwa ayapekue kwa kijiti: ndani kuna nyuzi za magome na mbegu nzima, na yale ya zamani utakuta mche umeshachomoza katikati, majani mawili mabichi yamesimama. Miti mingi humu imepandwa hivyo. Lakini tembo mwenyewe msituni si wa kufuatwa. Kwenye uwazi unamwona kutoka mbali. Humu anaweza kuwa hatua chache kutoka kwako na usione hata sikio. Unakumbuka siku ile tulipokuwa tunashuka, wewe umemshika baba yako mkanda, tawi likavunjika kichakani na kila mtu akaganda? Hatukumwona. Tulisikia ngurumo ya chini chini, tukarudi nyuma mmoja mmoja nyuma ya askari, kimya, na tukasubiri mpaka akajiondokea. Ulikuwa na umri wa mwanao wa kwanza sasa, na hukulia. Ndiyo maana nasema, mkiingia ofisini ulizieni mwongozaji na askari, na watoto wakae katikati ya mstari, kamwe wasitangulie.

Sasa kuhusu huyo wa miaka saba. Sanje kwenda na kurudi ni kama saa nne za mwendo, na watoto wakiwepo hesabu zaidi. Maporomoko yanashuka jumla ya mita 170, kwa hatua, na njia ina vipande vya mwinuko unaokata pumzi. Miguu anayo, nimemwona akicheza mpira. Shaka yangu ni uvumilivu wake. Kwa hiyo fanyeni hivi: siku ya kwanza anzeni na njia fupi ya Prince Bernhard karibu na makao makuu ya hifadhi, haina shida kabisa. Mkiona ameifurahia, kesho yake pandeni Sanje asubuhi na mapema. Akichoka, mrudi, hakuna aibu. Msimbebe mgongoni kwenye mawe yaliyolowa. Kule juu kuna mabwawa ya kuogelea, maji baridi kweli, na kuna mahali mnatazama bonde la Kilombero lote na miwa hadi macho yanachoka. Ogeleeni pale atakapoonyesha mwongozaji tu, sehemu nyingine mwamba unateleza vibaya.

Njooni kati ya Juni na Oktoba. Masika njia inakuwa tope tupu. Viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, na hapo siafu wako wamekwisha. Mkiukuta mstari wao njiani, mnauruka kwa hatua moja kubwa na kuendelea mbele. Anayesimama kushangaa juu yao ndiye anayeumwa.

Umesema pia rafiki yako alikuuliza sisi wenyeji tunafaidika nini na msitu tusioruhusiwa kukata. Mimi nitamjibu kama mwanamke wa Mang'ula. Zamani tulikuwa na siku yetu ya wiki ya kuingia kuokota kuni kavu, na ndiko nilikoijua milio yote ninayokuandikia. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Tuliumia, sitaficha, kwa sababu chungu lazima kichemke kila siku. Wengi wetu tumepanda miti mashambani, wengine wanapikia pumba za mpunga. Lakini mpunga wenyewe unaota kwa maji yanayotoka kule juu, na bomba langu pia. Kiangazi kikikaza, mito yetu bado inateremka, nami najua inakotoka kwa sababu nimekanyaga pale. Nilitaka na nyinyi mkanyage. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili, na ndilo ninalowatakia wajukuu.

Mkilala kwangu usiku wa kwanza, msiwatishe watoto na kelele zitakazosikika upande wa mlimani. Huyo ni perere, mnyama mdogo asiyezidi sungura kwa ukubwa, anayelia kama anakabwa. Nitawaeleza mwenyewe.

Nitumie tarehe mapema, nimwone kijana wa hapa anayeongoza wageni, anajua wanapolala mbega na ana subira na watoto. Na uniambie kama mkubwa bado anabanwa kifua akipanda ngazi, maana hapo tutabadili mpango: tutaiacha Sanje mpaka mwakani, na badala yake twende njia ya Sonjo, kama saa mbili tu, nayo ina maporomoko yake.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako