Zamu ya Dharura: Mwite Mtu kwa Jina Lake

Binti mmoja muuguzi aliyeajiriwa juzijuzi ameniandikia: "Sista, kwenye dharura madaktari na wauguzi wakianza kuongea wote kwa pamoja nachanganyikiwa. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hayo hayajaanza kwako. Wiki iliyopita tulipokea mama aliyejifungulia kwenye bajaji, khanga zimelowa damu, presha imeshuka, namba ya juu 70. Daktari hakusema "jamani, damu iletwe," maana hapo kila mtu hudhani mwenzake ameshakwenda. Alimwita kijana wa zamu kwa jina: peleka sampuli maabara, wapime grupu, tunataka chupa mbili, urudi kuniambia. Kijana akayarudia yote ndipo akatoka mbio. Mimi nikaagizwa nimchome oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ipungue, uniti 10 za msuli. Nikarudia, nikachoma, nikatangaza kwa sauti: "Oksitosini uniti 10 imeingia, saa nane na dakika tano," mwenzangu akaandika. Shangazi mtu akaulizwa mtoto alitoka saa ngapi, kwa sababu traneksamiki asidi, dawa ya kusaidia damu igande, gramu 1 ya mshipa ndani ya dakika 10, inatakiwa ianze kabla ya saa 3 kupita tangu kujifungua. Mama yu hai, ananyonyesha. Najivunia timu yangu, na sioni haya kusema.

Haikuwa hivi nilikoanzia kazi. Huko niliwahi kumuuliza daktari, kumi na tano au hamsini? Zikitamkwa Kiingereza katikati ya makelele hazitofautiani. Akanijibu mbele ya ndugu wa mgonjwa: "Wewe umesomea wapi?" Miezi mingi baada ya hapo nilikuwa nachoma dawa kimya kimya. Bado linaniuma. Madaktari mnaosoma hapa, muuguzi anayerudia dozi hakupimi akili. Anamlinda mgonjwa wako, na leseni yako pia.

Najua ugumu ulipo: mtu unayempa shikamoo asubuhi, usiku utamwambiaje "subiri kwanza"? Anza na namba, samahani ije baadaye. "Dokta, presha 70, sijaisikia dozi." Rudia agizo. Ukimaliza, sema umemaliza. Kitanda kikiwa kitupu, fanyeni mazoezi na wenzako, hata kama watacheka.

Na wewe rudia tu, hata akinuna. Akiuliza nani kakufundisha, mpe namba yangu.