Re: Bibi anakataa kula, tumlazimishe?

Pole sana dada. Umesema daktari kawaambia ni siku za mwisho na bibi anafunga mdomo kila mkileta kijiko, msimlazimishe jamani. Mwili ukifika hapo hausikii njaa kama sisi, na ukimmiminia wakati hamezi vizuri anapaliwa, chakula kinaingia kwenye mapafu. Mi nimekaa sana wodi ya wazee, kinachowasumbua ni mdomo kukauka, kwahiyo lowanisha kitambaa laini mpanguse ulimi na fizi taratibu kila lisaa hivi, lipsi mpake mafuta ya mgando. Akiomba mwenyewe mpe kidogo, kichwa kiwe juu. Kumgeuza ubavu kitandani mnageuza, ila akikunja uso kwa maumivu punguzeni, saa hizi raha yake kwanza.