Gesi ya AC haiishi, inavuja

Ndugu uliyeuliza kama ni kawaida AC yako huko Fumba, Unguja, kujazwa gesi kila baada ya miezi mitatu: si kawaida hata kidogo. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikipungua basi pana tundu. Fundi anayejaza na kuondoka bila kulitafuta ameshajiwekea miadi nyengine.

Najua kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo. Kuna nyumba ya wageni hapa Pemba, AC yake inayotumia gesi aina ya R22 niliijaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya nne mwenyewe, mzee mpole, akaniuliza tu: "Mwanangu, hiyo gesi inakwenda wapi?" Nikaona haya. Nikafungua mashine ya nje, nikapaka povu la sabuni kwenye nati zote. Kimya. Kwenye koili, pale bomba linapokunja kona, nikaona doa la mafuta limeshika vumbi na shaba imeota ukijani. Nikapaka pale. Povu likaanza kufura polepole, kama kaa anapotoa povu mdomoni. Chumvi ya bahari hiyo, imekula koili.

Na gesi ilikwenda juu. R22 inaharibu tabaka la ozoni, na kilo moja yake inaongeza joto la dunia sawa na takribani kilo 1,800 za hewa ukaa. Gesi ya R410A, iliyokuja baada yake, haigusi ozoni, lakini kwa joto kilo yake moja inapita kilo 2,000 (hapo ndipo wauzaji wanapotuchezea na neno "rafiki wa mazingira"). Gesi ya R32 ni 675. Kigali mwaka 2016 nchi zilikubaliana kuzipunguza hizi zisizogusa ozoni. R22 yenyewe kwa nchi zetu inatakiwa iondoke 2030, ibaki kidogo tu ya matengenezo, kwa hiyo usitegemee bei ishuke.

Mwambie fundi akuoneshe tundu kwanza. Apime uvujaji kwa kujaza naitrojeni mabombani, si oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Kisha anyonye hewa iliyomo mabombani kwa pampu, ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani.

Ya yule mzee tulibadilisha koili, na kijana wake anaiosha kwa maji baridi kila mwezi. Yako piga picha kibandiko cha mashine ya nje uiweke hapa, tuone ina gesi gani.