Usiangalie bingwa wa kanda, angalia aliyeshika nafasi ya nne

Rekodi ya kijana aliyeshinda mapambano 38 na kupoteza 2 haikuambii kitu mpaka ujue hao 38 walikuwa akina nani. Nawaandikia wazazi wenzangu wa Indiana, hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, ambao mieleka ya shule tumekutana nayo ukubwani na sasa kila Februari tunapasua koo jukwaani kama wenyeji. Ubishi wa jukwaani mnaujua: kanda yetu ngumu, yao mteremko, mwanangu angekuwa kule angeshafika fainali za jimbo zamani. Mimi riziki yangu ni hesabu za bohari, na ubishi usio na jedwali hunikera. Mpwa wangu alipojiunga na timu ya shule nikaanza kuingiza matokeo kwenye Eksel. Haya ndiyo ninayomwambia anayetaka kufanya hivyo.

Utaratibu uliozoeleka hapa kwa miaka mingi ni wa ngazi nne. Wanaanza kwenye vituo 32 vya mwanzo, wanapungua hadi 16, kisha kanda nne kubwa, halafu fainali Indianapolis kwenye ukumbi wa timu ya kikapu ya Pacers. Shule kubwa na ndogo zote zimo kapu moja, hakuna madaraja kama majimbo mengine yalivyo. Kwenye kanda, kila uzani, yaani kundi la vijana wenye kilo zinazokaribiana, una vijana 16 na wanaofuzu ni wanne. Kwa uzani 14 hiyo ni kusema kila kanda inapeleka vijana 56, na jumla yao Indianapolis ni 224. Miaka ambayo nilifuatilia kwa karibu, kanda hizo zilifanyika Fort Wayne, East Chicago, New Castle na Evansville.

Raha ya mtu wa takwimu ni Ijumaa usiku, raundi ya kwanza ya fainali. Ratiba inamkutanisha bingwa wa kanda moja na mtu wa nne wa kanda nyingine, na wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Anayeshinda ana uhakika wa kumaliza ndani ya nane bora na kupanda jukwaa la washindi. Anayeshindwa safari yake imeishia hapo, anavua viatu. Kwa mzazi ni usiku wa kuumwa tumbo, lakini kwa anayelinganisha kanda hakuna kipimo kizuri kuliko hicho: watu wa kanda tofauti, nafasi zao zinajulikana, siku moja, mikeka ileile, na hakuna anayepigana kizembe.

Watu wengi hukosea wanapohesabu mabingwa. Kanda ikitoa mabingwa watano wa jimbo inasifiwa mwaka mzima. Lakini bingwa wa jimbo ni mtu mmoja, huenda ana baba aliyekuwa mwanamieleka na amefundishwa sebuleni tangu ana miaka sita. Angezaliwa kanda yoyote angeshinda. Ukienda sokoni, nyanya nzuri zimepangwa juu ya tenga, na mnunuzi mzoefu huingiza mkono chini. Mtu wa nne ndiye nyanya ya chini. Hesabu ni mara ngapi watu wa nne wa kanda fulani wamewaangusha mabingwa wa kanda nyingine, na wakipoteza, wamepoteza vipi. Kulazwa chali ndani ya dakika ya kwanza na kupoteza kwa pointi moja ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa gazetini vyote vinaandikwa kashindwa.

Sasa tahadhari, na hapa naomba msinipite haraka. Kanda zote zingekuwa sawa kabisa, tungetarajia kila moja ishinde mapambano 28 kati ya 56 usiku ule. Lakini rusha sarafu mara 56 uone kama utapata vichwa 28 kila ukirudia. Hupati. Mtikisiko wa kawaida ni kama tatu au nne kila upande. Kwa hiyo kanda iliyoshinda 31 na iliyoshinda 25 mwaka mmoja zinaweza kuwa na nguvu ileile, na tofauti yote ni bahati, mafua, au kijana aliyechoka kwa kupunguza kilo. Kanda ikifika 36 ndipo ninapoanza kukaa wima. Na anayelinganisha uzani mmoja tu, mwaka mmoja tu, ana watu wanne kwa kila kanda. Huyo anapiga ramli.

Dawa ni kuunganisha miaka. Misimu minne inakupa mapambano 224 kwa kanda, matarajio ni 112, na mtikisiko ni saba au nane. Kanda iliyofikisha 130 kwenye hesabu hiyo ina hoja. Ila kumbuka vijana wanarudi. Mtu aliyeshinda akiwa darasa la 10 huenda akashinda tena la 11 na la 12, hivyo misimu minne haina habari mara nne ya msimu mmoja. Mimi huhesabu pia kwa vichwa, yaani kijana mmoja mara moja, nione kama picha inabadilika.

Kitu kingine kinachobadilisha picha ni shule moja yenye nguvu. Jimbo hili lina shule ambazo zinaweza kufikisha vijana kumi fainali bila jasho. Ukiiondoa shule hiyo kwenye jedwali, kanda yake wakati mwingine inabaki ya kawaida sana. Siyo kwamba ni haramu kuihesabu, maana mwanao atakutana na vijana wake vilevile. Lakini kanda yenye shule moja kali ni ngumu kwa namna yake, tofauti na kanda yenye shule ishirini za wastani mzuri. Angalia pia kanda yako ilipangiwa kupigana na nani Ijumaa. Kushinda 32 dhidi ya kanda dhaifu si jambo la kutangaza.

Kuna watu jedwali la fainali haliwezi kuwaona kamwe: wale waliobaki nyumbani. Kwenye kanda, pambano la pili la siku ndilo raundi ya tiketi. Ukishinda umeingia wanne, ukipoteza umerudi shule. Mtu aliyepoteza hapo kwenye kanda ngumu anaweza kuwa bora kuliko wa tatu wa kanda nyingine, na hatajulikana. Baba mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, nilikaa naye Evansville mtoto wake alipotolewa kwenye raundi hiyo kwa pointi mbili na kijana ambaye baadaye alipanda jukwaani Indianapolis. Aliniuliza kama hesabu zangu zinamwona mwanawe. Za fainali hazimwoni.

Ndiyo maana nikaongeza mashindano ya Desemba na Januari, yanayochanganya shule za kila upande, kama Al Smith Classic kule Mishawaka. Hayo ni kama madaraja ya mto, yanaunganisha kanda na kanda. Bila hayo, kanda inajisifu yenyewe kwa yenyewe. Ukitaka kuyatumia vizuri, wape vijana pointi kwa mfumo wa Elo, ule wa sataranji, uliotungwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee. Tofauti ya pointi 400 maana yake mwenye nyingi anatarajiwa kushinda mara kumi kwa kila mara moja anayopoteza. Unamwongezea pointi nyingi anayemwangusha mkubwa, kidogo anayemwangusha mdogo. Mwisho wa Januari toa wastani wa watu wanane wa juu wa kila uzani kwenye kila kanda, siyo wanne, na hao waliofichwa na raundi ya tiketi wanaonekana. Mapambano ya ushindi wa bure, mpinzani hakutokea au kaumia, yaondoe kabla hujaanza.

Mtaniuliza, ukishajua kanda ni ngumu unafanya nini? Msihame nyumba. Nimesikia wanaofikiria hivyo, na kodi ya Indianapolis mnaijua. Kikubwa ni mazungumzo na kocha mapema, Novemba, kuhusu uzani. Mara nyingi ugumu wa kanda hausambai sawa: pauni 120 wamejaa kama siafu, 132 kuna nafasi. Mpwa wangu alipandishwa uzani mmoja badala ya kukondeshwa, akala vizuri msimu mzima, na mama yake akaacha kunipigia simu usiku kuhusu ugali anaokataa. Mwombeni kocha pia awapeleke vijana Desemba kwenye mashindano ambako watapigwa. Rekodi itaharibika kidogo. Kijana aliyekwisha kukutana na watu wa upande ule wa jimbo haulizi ni wa kanda gani wanapomtangaza Ijumaa usiku, anaangalia miguu ya mpinzani tu.